Mataji 20 ya Tony McCoy: jinsi ubingwa wa mbio za farasi za kuruka unavyopatikana

Januari 2002, kwenye uwanja wa Southwell katikati ya Uingereza, farasi aitwaye Family Business alimtupa chini mpanda farasi wake. Zilikuwa mbio za siku ya kazi: farasi saba tu, zawadi ndogo, watazamaji wa kuhesabika. Aliyetupwa ni Tony McCoy, na wakati huo alishakuwa bingwa wa Uingereza misimu sita mfululizo. Kwake mbio zilikuwa zimekwisha, hadi aliposikia kwamba wale wengine wote nao wameanguka au wamegoma kuruka. Akamrudia farasi wake, akampanda upya, akavuka vizuizi vilivyobaki akiwa peke yake uwanjani, na akaandikiwa ushindi. Kanuni za wakati ule ziliruhusu. Mwaka 2009 kumpanda tena farasi baada ya kuanguka kulipigwa marufuku.

Kwa nini bingwa wa mara sita ahangaike hivyo kwa mbio ambazo kesho yake hakuna wa kuzikumbuka? Jibu la swali hilo linafungua kazi yake yote. Linajibu pia jambo linalowatatiza wengi wanaoutazama mchezo huu kwa mbali: mtu aliyeshinda Grand National, mbio za kuruka mashuhuri kuliko zote, mara moja tu katika majaribio 20 anawezaje kuhesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote?

Ni kwa sababu taji la bingwa wa wapanda farasi halitolewi kwa pointi, wala kwa fedha za zawadi, wala kwa ukubwa wa mbio. Linatolewa kwa idadi ya ushindi ndani ya msimu mmoja, basi. Ukishinda Cheltenham Gold Cup mbele ya makumi ya maelfu ya watu, umehesabiwa moja. Ukishinda kwenye uwanja mdogo wa Plumpton Jumatatu ya mvua, umehesabiwa moja vilevile. Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha Aprili ya mwaka unaofuata, na kwa miezi yote hiyo anayelitaka taji anaishi barabarani, leo kusini, kesho karibu na mpaka wa Wales, keshokutwa kaskazini, akitafuta moja moja.

Mbio zenyewe

Msomaji aliyewahi kufika uwanja wa Ngong jijini Nairobi ameona mbio za farasi za uwanja tambarare: farasi wanatoka mlangoni, wanakimbia, anayetangulia kwenye mstari ndiye mshindi. Mbio za kuruka ni jamii nyingine. Zina vizuizi njiani, na umbali wake huanzia kama kilomita 3.2 na kuendelea. Kuna aina mbili kubwa. Katika mbio za viunzi vyepesi, kiunzi kina urefu wa mita moja na kidogo, nacho hulala kikigongwa. Katika mbio za vizuizi vikubwa, farasi anaruka kuta za matawi yaliyoshindiliwa, zenye urefu wa karibu mita 1.4 au zaidi, na hizo hazimpishi farasi aliyekosea hatua.

Asili yake inatajwa kuwa Ireland, mwaka 1752, katika kaunti ya Cork. Mabwana wawili waliwekeana dau la kukimbiza farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakiongozwa na mnara wa kanisa waliouona kwa mbali na kuruka kila ua na mtaro uliowakingamia. Ireland imebaki kuwa kitovu cha mchezo huu hadi leo, na ndiko alikotoka McCoy.

Anthony Peter McCoy, ambaye wengi humwita AP, alizaliwa tarehe 4 Mei 1974 katika kijiji cha Moneyglass, kaunti ya Antrim, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa seremala aliyependa kufuga farasi. Kijana alianza kuingia kwenye mazizi ya mkufunzi wa jirani, Billy Rock, kisha akapelekwa kujifunza kazi kwa Jim Bolger, mkufunzi wa Ireland anayejulikana kwa ukali na nidhamu. Kwa Bolger lengo lilikuwa mbio za tambarare. Ushindi wake wa kwanza, Machi 1992 huko Thurles akiwa juu ya Legal Steps, ulikuwa wa tambarare. Januari mwaka uliofuata alivunjika mguu mazoezini. Miezi ya kukaa bila kazi ilimwongezea kimo na kilo, na mlango wa tambarare ukafungwa.

Uzito, adui wa kila siku

Ili kuelewa kwa nini kilo chache zilibadilisha maisha yake, lazima kwanza ueleweke mpango wa kusawazisha uzito. Sehemu kubwa ya mbio za Uingereza na Ireland hupangwa ili farasi hodari na farasi dhaifu wapate nafasi inayokaribiana. Maofisa humpa kila farasi alama za uwezo, na kila alama ni ratili moja ya uzito, karibu nusu kilo. Farasi mwenye alama nyingi hubebeshwa zaidi. Mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, na baada ya mbio hurudi mizanini. Akiwa mwepesi kuliko ilivyoamriwa, huwekewa vipande vya risasi kwenye tandiko. Akiwa mzito, hakuna dawa: farasi anabeba ziada bure, na mkufunzi atatafuta mtu mwingine.

Kwenye tambarare wapanda farasi wengi wana kilo 50 na kitu. Kwenye mbio za kuruka, wakati wa McCoy, uzito wa chini kabisa ulikuwa kama kilo 63.5, tandiko likiwa ndani yake. McCoy ana kimo cha mita 1.78. Mwili wake ukiachwa ule unavyotaka, ungefika kilo 75 hivi. Kwa miaka zaidi ya 20 aliuzuia, na njia yake kuu ilikuwa kukaa kwenye maji ya moto sana hadi atokwe na jasho la kutosha, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku, na kula kidogo mno. Halafu, akiwa na kiu na njaa, alipanda mnyama wa nusu tani na kumwelekeza kwenye ukuta wa matawi kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Wengi husifu mifupa aliyovunja. Mimi naona jambo gumu kuliko yote lilikuwa hili la kila asubuhi, kwa kuwa mfupa hupona lakini mizani ilimsubiri siku zote.

Uzito huohuo ndio humpa chipukizi nafasi. Mpanda farasi anayeanza hupunguziwa mzigo: kwa kanuni za sasa farasi wake hubeba ratili saba pungufu, yaani kilo 3 na ushee, mpaka afikishe ushindi 20. Kisha anapunguziwa tano mpaka 40, kisha tatu mpaka 75. Mkufunzi anayemchagua kijana asiyejulikana ananunua nafuu hiyo. Mtihani wa kweli unakuja nafuu inapokwisha, kijana anaposimama mizanini sawa na mabingwa na wakufunzi wanauliza: sasa una nini? Hapo wengi hupotea.

McCoy alivuka bahari Agosti 1994 kwenda kwa mkufunzi Toby Balding kusini mwa Uingereza. Ushindi wake wa kwanza huko ulikuja Septemba, Exeter, kwa farasi aitwaye Chickabiddy. Msimu ulipokwisha alikuwa na ushindi 74, rekodi kwa chipukizi. Msimu uliofuata, 1995–96, nafuu haipo tena, akawa bingwa wa wapanda farasi wote. Hakuliachia taji hilo hadi alipostaafu mwaka 2015.

Mashine nyuma ya namba

Hakuna anayefikisha namba za aina hiyo peke yake. Mpanda farasi hulipwa ada kwa kila mbio anayopanda, ambayo McCoy alipostaafu haikufika pauni 200, na akishinda hupata asilimia isiyofika kumi ya zawadi. Ndani ya fedha hizo amlipe wakala, amlipe mtunza vifaa, ajaze mafuta ya gari. Kwa hiyo mhimili wa kazi ni kupata farasi wengi na wazuri, na anayewatafuta ni wakala. Wa McCoy aliitwa Dave Roberts. Kazi yake ilikuwa kusoma orodha za mbio za siku zijazo, kukadiria ni farasi yupi ana nafasi wapi, na kumpigia mkufunzi simu kabla ya wengine hawajaamka. Sehemu hii haionekani kwenye televisheni, nami naamini bila ya kazi ya Roberts hesabu ile isingefika ilikofika.

Mtu wa pili ni Martin Pipe, mkufunzi wa Somerset. Pipe alikuwa mtoto wa mchezesha kamari, hakurithi mazoea ya wenye mazizi makubwa, na labda ndiyo sababu aliyahoji. Aliwakimbiza farasi wake kilimani kwa vipindi vifupi vikali, akawapima damu, akawafikisha kwenye kiwango cha uzima ambacho wenzake walikifikia baadaye sana. Farasi wake walizoea kutangulia tangu mwanzo na kuwachosha wengine. Katika msimu wa 1999–2000 pekee zizi lake lilipata ushindi 243. Alikuwa na farasi wa kila daraja, wakiwemo wale wa mbio za hadhi ya chini kabisa, na hao wa chini ndio waliojaza hesabu. Mkufunzi asiyedharau mbio ndogo alikutana na mpanda farasi asiyedharau mbio ndogo.

Kuna jambo la tatu ambalo haki inataka lisemwe. Mwaka 1995 Uingereza ilianza kuruhusu mbio za kuruka wakati wa kiangazi, na msimu ukawa karibu mwaka mzima. Peter Scudamore alipopata ushindi 221 msimu wa 1988–89, naye akipanda kwa Pipe, hakuwa na miezi hiyo. Ni sawa kusema McCoy alipata uwanja mpana zaidi alipoivunja rekodi hiyo kwa kufikisha 253 msimu wa 1997–98. Lakini kiangazi kilifunguliwa kwa wote, na wote walibaki nyuma yake. Richard Johnson, mtu hodari kupita kiasi, alimaliza wa pili mara 16 nyuma ya McCoy.

Kilele kilikuwa msimu uleule wa Southwell. Katika historia yote ya Uingereza, ushindi mwingi zaidi ndani ya msimu mmoja ulikuwa 269, wa Sir Gordon Richards mwaka 1947, na huo ulikuwa wa tambarare, ambako mtu hupanda siku nzima bila kutarajia kuanguka. Tarehe 2 Aprili 2002, Warwick, McCoy aliipita namba hiyo akiwa juu ya Valfonic, na akamaliza msimu na 289. Hapo ndipo ile safari ya kumrudia Family Business inapopata maana. Agosti mwaka huohuo, Uttoxeter, akafikisha 1,700 na kumpita Richard Dunwoody, aliyekuwa na ushindi mwingi kuliko wote katika mbio za kuruka. Bado alikuwa na umri wa miaka 28.

Kuanguka

Hakuna mpanda farasi wa mbio za kuruka asiyeanguka. Gari la wagonjwa huwafuata kwa nyuma pembeni mwa njia katika kila mbio, na hilo pekee linatosha kueleza. McCoy alivunjika mitulinga, makombe ya mabega, mbavu, kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, na meno. Januari 2008 alianguka Warwick akavunjika uti wa mgongo, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma, na Machi alikuwa amerudi kwa ajili ya tamasha la Cheltenham, mkusanyiko mkubwa wa mbio za kuruka wa kila mwaka. Katikati ya hapo alikuwa akiingia kwenye chumba cha baridi kali, zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, kuharakisha kupona. Oktoba 2014 alikuwa akitafuta ushindi 300 ndani ya msimu, na alikuwa mbele ya ratiba, ndipo akaanguka Worcester. Ile 300 hakuipata kamwe.

Wengine hawakuinuka. John Thomas McNamara, mpanda farasi wa ridhaa kutoka Ireland, alianguka Cheltenham Machi 2013, akapooza, akafariki 2016. Mfuko wa kuwasaidia wapanda farasi walioumia ulianzishwa Uingereza mwaka 1964 baada ya wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kupooza kwa ajali za mbio. Kabla ya hapo mtu aliyevunjika alitegemea huruma ya waliomfahamu. Mfuko huo leo una nyumba ya tiba na mazoezi huko Lambourn, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo bora kabisa ambayo mchezo huu umewahi kujifanyia.

Farasi nao hufa, na hakuna maelezo ya kweli ya kazi hii yanayolikwepa hilo. Machi 2012 McCoy alishinda Gold Cup yake ya pili kwa Synchronised. Wiki chache baadaye, katika Grand National, Synchronised alimwangusha kwenye kizuizi cha Becher's Brook, akaendelea kukimbia bila mtu, akavunjika mguu na ikabidi auawe. Baada ya mwaka ule nguzo za mbao zilizokuwa ndani ya vizuizi vya Aintree, uwanja wa Grand National, ziliondolewa na kuwekwa plastiki inayokubali kupinda, na kuanzia 2024 idadi ya farasi ikapunguzwa kutoka 40 hadi 34. Wapo wanaosema hayo hayatoshi. Sioni ubaya kwa wanaoupenda mchezo kuwasikiliza.

Siku kubwa

Katika mbio zenye majina McCoy hakuwa fukara. Mwaka 1997, akiwa na miaka 22, alishinda Champion Hurdle, mbio kubwa za viunzi vyepesi, kwa Make A Stand na Gold Cup kwa Mr Mulligan ndani ya wiki moja. Alimaliza na ushindi 31 kwenye tamasha la Cheltenham. Hata hivyo Ruby Walsh, aliyepanda kwa mazizi yenye farasi bora kabisa wa zama zao, alipata 59. Kama kipimo kingekuwa siku kubwa peke yake, Walsh angekuwa na hoja nzito, na wapo wanaoishikilia mpaka leo.

Ushindi wa Cheltenham unaoonyesha zaidi McCoy alikuwa nani ni wa 2009, kwa Wichita Lineman. Farasi alikosea kizuizi baada ya kizuizi, akabaki nyuma kabisa, na kwa sehemu kubwa ya mbio hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtazama. McCoy hakuacha kumsukuma. Walimpata kiongozi mita chache kabla ya mstari, wakampita kwa shingo tu. Mtu aliyezoea kupigania mbio za Jumatatu kama vile ni fainali alikuwa amejenga tabia isiyojua mbio zilizokwisha kabla ya mstari.

Grand National ilimsumbua kweli. Ni mbio za Aintree, Liverpool, vizuizi 30, wakati ule zaidi ya kilomita saba, na ndizo pekee ambazo Mwingereza asiyejua lolote kuhusu farasi huzitazama. Mwaka 2005 alikuwa akiongoza kwa Clan Royal alipokingamiwa na farasi asiye na mtu na kutolewa njiani. Jaribio la 15 likafika tarehe 10 Aprili 2010, kwa Don't Push It, farasi aliyebebeshwa kilo 72, wa mkufunzi Jonjo O'Neill. Akashinda kwa urefu wa farasi watano. Mwisho wa mwaka BBC ikamtangaza mwanamichezo bora wa Uingereza, mpanda farasi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Mataji yake 14 ya hapo awali hayakuwa yamemfikisha kwenye nyumba za watu wa kawaida. Mbio moja ilimfikisha.

Mwenye Don't Push It alikuwa J. P. McManus, tajiri wa Limerick, na tangu 2004 McCoy alikuwa amemwacha Pipe ili awe mpanda farasi wake rasmi. Mkataba wa namna hiyo humpa mtu malipo ya mwaka ili farasi wa mwenye mali wapate nafasi ya kwanza. Una faida ya uhakika wa kipato, na hasara yake ni kwamba huchagui tena: farasi wa bosi akiingia mbio fulani, utampanda, hata kama aliye bora yuko zizi la jirani. Wengi walidhani namba zake zingeshuka hadi apoteze taji. Namba zilishuka kidogo. Taji halikuondoka, na Novemba 2013 huko Towcester, kwa Mountain Tunes, akafikisha ushindi 4,000.

Tarehe 7 Februari 2015, Newbury, dakika chache baada ya kupata ushindi wa 200 wa msimu kwa Mr Mole, alitangaza kwamba anaacha. Siku ya mwisho ilikuwa 25 Aprili, Sandown, ambako farasi wake Box Office alimaliza wa tatu. Kombe la bingwa alikabidhiwa na Ian Wright, nyota wa zamani wa Arsenal, kwa kuwa McCoy ni Arsenal damu, na aliambiwa alichukue liwe lake kabisa. Hesabu ilifungwa kwenye ushindi 4,348, katika mbio zaidi ya 17,000, yaani karibu moja katika kila nne. Mwaka 2016 akapewa cheo cha Sir.

Johnson, aliyesubiri miaka yote ile, alilitwaa taji misimu minne iliyofuata na kustaafu 2021 akiwa na ushindi 3,819, wa pili hata kwenye orodha ya wakati wote. Baada yake Brian Hughes amelipata mara tatu, na Harry Skelton, Harry Cobden na Sean Bowen nao wamelishika. Katika miaka kumi ya kwanza tangu McCoy aondoke, kazi aliyoifanya peke yake kwa misimu 20 imegawanywa kwa watu watano, na hakuna hata mmoja wao aliyefikisha ushindi 289 ndani ya msimu.